Naombeni ushauri: studio ya picha ya babu inafungwa, negativu na madaftari tufanyeje?

Mjukuu wa Ngamiani:
Wakuu habari za humu, naombeni ushauri maana kwenye familia tumeshakwama. Babu alifungua studio hapa Tanga, Ngamiani, kabla ya uhuru, akaja baba, alipofariki akashika baba mdogo mpaka juzi macho yalipomkatalia. Watu wa mashamba ya mkonge wakishapokea mshahara walikuwa wanakuja kupiga picha na koti na tai ya studio, Idi foleni inatoka nje, maharusi, paspoti saizi za kutafutia kazi, wote pale. Babu alisafisha picha mwenyewe kwenye chumba cha giza, nyingine bibi anazipaka rangi kwa mkono, midomo, mashavu mpaka maua ya kanga, kwa pamba aliyosokota kwenye njiti ya kiberiti. Zikaja mashine za picha za rangi, baadaye simu, ikabaki paspoti na laminesheni tu.

Sasa fremu ya duka inarudi kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Ndani kuna maboksi ya negativu, mengine vioo mengine mikanda, na madaftari ya oda yana jina la mteja, namba, saizi na advansi. Shangazi anataka tuandike historia ya studio, baba mdogo kapata mtu wa nje anataka negativu zote kwa mkupuo, madaftari hayataki. Wengine wanasema tuchome tu. Tuanzie wapi?

Fundi Mkanda:
Kuchoma msithubutu, na si kwa ajili ya historia tu. Mikanda ya zamani ya nitreti, aina ya plastiki ya kwanza kwanza, inashika moto vibaya sana, Kodak waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo ya kabla ya hapo itilie shaka, iweke mbali na jiko na jua. Yenye neno SAFETY pembeni haina hatari hiyo. Halafu fungua kila boksi unuse, ukisikia siki ujue ni mkanda wa aseteti, ile plastiki ya SAFETY, umeanza kuoza, itenge haraka maana ile asidi inaharibu na ya jirani. Vioo visimamishe kwa ubavu kama sahani kwenye kichanja, ukivilaza vya chini vitapasuka. Shika pembeni tu, usioshe na maji.

Sitaki Stori:
Uza mkuu, negativu hazilipi ada ya mtoto.

Bint Shangani:
@Sitaki Stori haraka ya nini? Hapa kwetu Unguja Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio 1930, kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi kwenye studio ya akina Gomes, nao walikuwa baba na mwana. Mwanawe Rohit akaendeleza, na picha za mzee watu wameendelea kuzinunua miaka na miaka kwa sababu negativu zilibaki kwenye familia. Mombasa nako kulikuwa na studio ya Parekh, ya tangu miaka ya 1940, picha zake leo zinasomwa vyuoni. Mngekuwa mmeshauza mngebaki na nini cha kuandika?

Mzee wa Laini:
Mjukuu, mimi nakwambia daftari ndiyo roho ya hiyo mali. Negativu bila daftari ni sura za watu wasiojulikana, ukiwa na namba unajua huyu ni fulani, alikuja mwaka gani, alilipa ngapi. Huyo mnunuzi anayeacha madaftari hajali ni akina nani, msimpe. Kila bahasha iandikwe namba ile ile ya daftarini, kwa penseli, wino wa kalamu unapenya.

Na baba yako mdogo umrekodi sasa hivi, kaa naye na simu. Muulize pazia la nyuma alichora nani, umeme ukikatika walifanyaje, mteja anakaaje. Mkanda mpana wa saizi ya 120 kwenye kamera za picha za mraba unatoa picha 12 tu, mpigaji habahatishi, anakushika kidevu, anarudi nyuma, anakuja tena kunyoosha kola ndipo abonyeze. Hayo hayamo kwenye negativu yoyote.

Wakili wa Mtaa:
Kama babu na baba wamefariki basi hiyo ni mirathi, hakuna mmoja wa kuuza peke yake kabla msimamizi hajateuliwa, mwambieni baba mdogo kwa heshima. Mtu wa nje akitaka apewe nakala kwa mkataba, asili ibaki. Na msimwage picha za mama za watu Facebook bila kuuliza familia zao, kuna waliopiga bila mtandio kwa ajili ya mume tu.

Mjukuu wa Ngamiani:
Nashukuru sana wakuu, shangazi nimemsomea yote. Hapa tulipo tumeshanusa maboksi, mawili yana siki tumeyatenga kibarazani kwenye kivuli, madaftari yako chumbani kwa bibi. Baba mdogo kakubali kusubiri kikao cha Jumapili, na kakubali kurekodiwa, ila kasema tuanze na habari ya pazia kwa sababu alilichora yeye. Mwenye kamera nzuri ya kupigia negativu kwenye meza ya mwanga na yupo Tanga aje PM, nauli na chakula juu yetu.