Shule ya kanisa letu: Division One za kuchuja watoto, ripoti ya uthibiti ubora imefungiwa kabatini

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Getini kwa shule ya kanisa letu kuna bango jipya. Picha za waliopata Division One ya pointi 7, na chini kwa maandishi mekundu: "Division Four 0, Division Zero 0". Shule inaanzia awali mpaka kidato cha nne, uzio mmoja. Binti yangu aliingia pale hajui hata kushika penseli. Juzi, akiwa anamaliza kidato cha tatu, ofisi ya taaluma ikaniita na kuniwekea karatasi mbili mezani: fomu ya kukubali arudie mwaka, na barua ya kuomba uhamisho. Kosa lake ana wastani wa 52, shule inataka 60.

Hiyo barua ilikuwa imeshachapwa kwa jina langu! Eti mimi ndiye ninayeomba kumhamisha, bado sahihi tu. Kwa hiyo kwenye mafaili yao hakuna mtoto aliyefukuzwa, wapo wazazi walioomba kuondoka.

Nikamuuliza mwalimu wa taaluma, hesabu huyu mtoto kafundishwa na nani? Sekondari nyingine zinajitetea kwamba watoto wanatoka msingi hawajui kitu. Ninyi mnamsingizia nani? Irabu mlimfundisha ninyi. Darasa la saba alipofaulu mkamsimamisha mbele ya madhabahu, waumini wakampigia makofi. Ada mmepokea miaka yote hiyo. Leo amekuwa mzigo? Akanijibu, "Mama, ndio utaratibu wa shule, ulisaini fomu ya kujiunga."

Utaratibu wa shule hauko juu ya Wizara. Serikali imeshapiga marufuku, na si mara moja, shule binafsi kukaririsha darasa au kuondoa wanafunzi kwa wastani wa kujitungia. Upimaji wa kidato cha pili ni wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, na binti yangu alifaulu.

Anayebisha afungue matokeo ya NECTA ya shule yoyote yenye mabango kama haya. Atazame idadi ya watahiniwa wa kidato cha pili 2022, kisha kidato cha nne 2024, maana ni watoto walewale. Kwetu karibu theluthi hawapo. Wameenda wapi? Januari 2023 NECTA ilipoacha kutangaza shule kumi bora nilishukuru, nikadhani wazimu huu utapungua. Wapi! Wamehamia kwenye mabango.

Sasa njooni kwenye ukaguzi. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule wa Serikali, walikuja mwaka huu. Kabla hawajafika vyoo vilipakwa rangi, na maabara ambayo kwa kawaida ina kufuli ikafunguliwa. Mfumo wao wa tangu 2017 hauangalii ufaulu peke yake. Unaangalia ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira na usalama wa mtoto, na ushirikishwaji wa jamii. Jamii yenyewe ndiyo sisi wazazi! Kwenye kikao nikaomba tusomewe walichoandika. Meneja, ambaye ndiye mchungaji wetu, akasema ni nyaraka ya ndani, akaomba tufunge kwa sala. Bahasha za ujenzi wa hiyo maabara hazikuwa za ndani, tulitangaziwa kila Jumapili mpaka tukatoa.

Na kinachoniuma ni kwamba hili ni kanisa. Makubaliano ya 1992 kati ya Serikali na makanisa yalihusu huduma za jamii, elimu na afya. Hospitali ya kanisa haimrudishi mgonjwa kwa kuwa ataharibu takwimu za waliopona. Kwa nini shule imrudishe mtoto wa 52, ambaye kwa masomo ya jioni ya hesabu na fizikia anapanda?

Sijasaini karatasi hata moja. Binti anaenda shule kama kawaida, na barua yangu kwa ofisi ya uthibiti ubora ya wilaya iko tayari, nakala kwa afisa elimu sekondari na kwa askofu. Wazazi wenzangu mliowekewa karatasi hizo mezani, kama bado hamjasaini, msisaini. Njooni PM tuunganishe majina, barua iende na sahihi nyingi.