Msaada wakuu: nataka ruta ya zamani iwe aksesi pointi ya vyumba vya nyuma

Nyuki77:
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie kwenye waifai maana nimeuliza huku na kule kila mtu anasema lake. Ruta yetu kuu ipo sebuleni, pale waya wa mtoa huduma unapoingilia, na hapo sebuleni spidi haina shida kabisa, ila ukishavuka ukuta wa pili kwenda vyumba vya nyuma simu inabaki na mstari mmoja na video inazunguka tu. Mdogo wangu anasoma kwa mtandao akiwa huko nyuma na kila siku mwalimu anakatika katikati ya somo, inaniuma kwa kweli. Sasa droo ina ruta tuliyokuwa tunatumia kabla ya hii, inawaka vizuri, ina matundu manne ya LAN (ya vifaa vya ndani) na moja la WAN (la waya wa mtoa huduma), chini imeandikwa 802.11n 300 Mbps, nadhani ni kizazi cha waifai yake na spidi. Nimesikia inaweza kufanywa aksesi pointi, yaani ibaki kurusha waifai tu ikiletewa intaneti na ruta kuu. Je inawezekana kweli? Waya naingiza tundu lipi? Na haitavuruga hii kuu? Kompyuta naijua ya kawaida, setingi za ruta nimewahi kubadili nywila tu basi.

Kipanga:
Mkuu tafuta ripita uchomeke ukutani umemaliza. Hayo mengine yatakula muda wako bure.

FundiWaya:
Kipanga hapo nakupinga ndugu yangu. Ripita inapokea hewani na kurusha tena hewani, na zile zenye redio moja zinafanya kazi zote mbili kwenye chaneli ileile kwa zamu, kwa hiyo spidi inashuka karibu nusu hata kabla hujahesabu kuta. Halafu watu wengi wanaiweka mlemle chumbani ambako mawimbi yameshachoka, sasa inarusha nini? Aksesi pointi inaletewa intaneti kwa waya, huko nyuma inaanza upya ikiwa na nguvu zote.

Nyuki77, inawezekana na ni kazi ndogo. Shika jambo moja tu, mengine yote yanatokana na hilo: kwenye mtandao mmoja anayegawa anwani, yaani namba ya kila kifaa, awe mmoja. Ruta ni vifaa vitatu vinne ndani ya kasha moja, kuna mgawaji wa anwani (hiyo ndiyo DHCP), kuna kinachotafsiri anwani za ndani kwenda nje, kuna switchi ya yale matundu manne na kuna redio ya waifai. Wewe unataka switchi na redio tu, hivyo viwili vingine unavizimisha au unavikwepa. Ukiviacha vikiwaka ndipo vurugu zinaanza, simu moja inapewa anwani na ruta hii, nyingine na ile, leo inashika kesho haishiki, na hutajua kwa nini.

Kwanza niambie, ruta kuu anwani yake ni ipi? Fungua setingi za waifai kwenye simu, bonyeza jina la mtandao uliounganishwa, tafuta palipoandikwa gateway.

Nyuki77:
Shukrani mkuu FundiWaya. Imeandika 192.168.1.1. Na nimeingia kwenye ruta kuu nimeona DHCP inaanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199.

FundiWaya:
Safi sana, umenirahisishia. Sasa fuata hivi na usiruke mpangilio.

Ruta ya zamani usiiunganishe na kuu kwanza, iache peke yake. Washa, tafuta kile kitundu cha reseti nyuma, bonyeza na pini kama sekunde 10 mpaka taa zibadilike kisha uiachie iwake upya, hapo imesahau setingi zote za zamani. Chukua laptopu, zima waifai ya laptopu, unganisha kwa waya kwenye tundu moja la LAN la hiyo ya zamani. Fungua browza andika anwani yake, imeandikwa kwenye stika ya chini, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, jina na nywila ya kuingilia vipo hapohapo kwenye stika. Ikikuomba uweke nywila mpya ya kuingilia weka, na kama haikuombi nenda ukabadilishe mwenyewe.

Anza na waifai: jina, nywila, ulinzi uwe WPA2 na aina iwe AES. Hifadhi. Kisha nenda sehemu ya LAN, badilisha anwani ya ruta iwe 192.168.1.2. Kwa nini hiyo? Kwa sababu ni ya ukoo mmoja na kuu ila haipo ndani ya zile 100 hadi 199 zinazogawiwa, kwa hiyo hakuna simu itakayokuja kupewa anwani hiyohiyo. Ukihifadhi ukurasa utakatika, usishtuke, chomoa na uchomeke tena waya wa laptopu halafu ingia upya kwa 192.168.1.2. Sasa ndipo unazima DHCP, hifadhi, iwashe upya.

Mwisho waya. Kutoka tundu la LAN la ruta kuu kwenda tundu la LAN la ruta ya zamani. LAN kwa LAN. Lile la WAN liache tupu kabisa.

Mzee wa Kebo:
FundiWaya kasema kweli tupu, mimi naongezea upande wa waya maana watu wanauonea. Kebo ya Cat5e inabeba 1 Gbps mpaka mita 100, kwa hiyo ndani ya nyumba umbali haukusumbui. Kinachosumbua ni kebo iliyokunjwa kwa nguvu kwenye kona, iliyobanwa na mlango kila siku, au plagi iliyobanwa vibaya. Kama kati ya zile nyaya nane za ndani ya kebo kuna mbili tatu hazijashika vizuri, mara nyingi matundu yanashuka yenyewe mpaka 100 Mbps na hakuna atakayekuambia. Na msipitishe kebo ya mtandao sambamba na nyaya za umeme kwa safari ndefu, zikikutana zikatizane tu.

Jingine, usije ukaunganisha nyaya mbili kati ya hizo ruta ukidhani spidi itaongezeka. Ruta za nyumbani nyingi hazijikingi na mzunguko, data inazunguka humo haina pa kutokea na nyumba nzima intaneti inakufa hapohapo.

DadaSetingi:
Mbona mimi yangu nimeweka kwenye WAN na inafanya kazi? Nauliza kwa nia njema tu.

FundiWaya:
Dada inafanya kazi kwa sababu hapo hujatengeneza aksesi pointi, umetengeneza mtandao wa pili nyuma ya mtandao wa kwanza. Kufungua kurasa na video utafungua sana tu. Shida inakuja pale ambapo vifaa vinatakiwa vionane, simu ya chumbani inataka kuprinti na printa ipo sebuleni haiioni, kurusha video kwenda TV hakuna TV inayoonekana, na baadhi ya michezo ya mtandaoni inalalamika maana anwani zinatafsiriwa mara mbili njiani. Kama huna matumizi hayo na hupati shida, kaa nayo. Ila Nyuki77 anataka nyumba moja mtandao mmoja.

Halafu kuna ruta, hasa za miaka ya karibuni, zina modi kabisa imeandikwa Access Point kwenye menyu. Hizo ukichagua modi hiyo zinajizimia DHCP zenyewe na tundu la WAN linageuka kuwa sawa na LAN, kwa hiyo unaweza kulitumia. Nyingi zikishaingia modi hiyo zinaomba anwani kutoka ruta kuu, ukizitafuta kwa anwani ya zamani huzioni, nenda kwenye orodha ya vifaa vya ruta kuu utaikuta imejificha humo.

Nyuki77:
Wakuu nimefanya kila kitu mpaka mwisho, waifai mpya inaonekana na inajaa mistari yote huko nyuma, ila simu inaandika imeunganishwa, hakuna intaneti. Ukiingia ndani anwani imeandikwa 169.254 na namba zingine. Nifanyeje?

Mzee wa Kebo:
169.254 ni kifaa kimeomba anwani hakikujibiwa na mtu, kikajipachikia anwani chenyewe. Maana yake ombi halifiki ruta kuu. Angalia taa za matundu yote mawili, zinawaka pande zote?

FundiWaya:
Hiyo hiyo. Na ni dalili nzuri kwa upande mmoja, inaonyesha DHCP ya ile ya zamani imezimika kweli. Ingekuwa bado inawaka ungepewa anwani ya kawaida kabisa, tena yenye gateway 192.168.1.2, ungeona umeunganishwa bila intaneti na usingejua pa kuanzia. Badilisha waya kwanza, halafu jaribu tundu jingine la LAN kila upande.

Nyuki77:
Taa ya upande wa ruta kuu haikuwaka kabisa. Nimebadilisha kebo imekubali mara moja! Simu imepata 192.168.1.104 na intaneti ipo. Ahsanteni sana wakuu, mdogo wangu yuko darasani muda huu na hakuna kukatika. Nimepima spidi huku nyuma napata kama 90 hivi wakati sebuleni nikiwa kwenye waya napata karibu 200, hiyo ni kawaida?

FundiWaya:
Kawaida kabisa mkuu. Hiyo 300 ya kwenye kasha ni ya hewani na ni ya kinadharia, lakini ruta nyingi za kizazi hicho matundu yake ni ya 100 Mbps, ukitoa mizigo ya njiani unabaki na 94 au 95. Huwezi kuvuka hapo hata uifanyeje, tundu ndilo linalobana. Kwa darasa la mtandaoni hiyo ni zaidi ya kutosha.

Kipanga:
Nimesoma uzi wote, kumbe waya una faida hivi, nafuta kauli yangu ya ripita. Swali: jina la waifai aweke sawa na lile la sebuleni au tofauti?

DadaSetingi:
Mimi naweka tofauti, nijue nipo wapi.

FundiWaya:
Mimi kwa nyumba ya familia nashauri jina moja, nywila moja, aina ya ulinzi moja, ila chaneli tofauti. Ukifanya hivyo simu inahama yenyewe mtu akitembea. Kwenye bendi ya 2.4 GHz, ambayo ruta nyingi za zamani hurushia, tumia chaneli 1, 6 au 11 tu maana hizo ndizo haziingiliani, sebuleni weka 1 na nyuma weka 6 au 11, na upana wa chaneli uwe 20 MHz. Ukiweka 40 unameza karibu nafasi yote na wewe mwenyewe ndiye unayejipigia kelele.

Ila mjue kuhama anaamua mwenye simu, simu yenyewe namaanisha, ruta za aina hii hazimlazimishi. Kuna simu zina ung'ang'anizi, zinabaki na mawimbi hafifu ya sebuleni wakati aksesi pointi ipo mita mbili. Hapo punguza nguvu ya kurushia ya ruta ya mbele kama menyu inaruhusu, simu itaachia mapema. Ikishindikana kabisa ndipo majina tofauti kama ya dada yanakuwa na maana.

Na hiyo AES niliyosema si ya usalama peke yake. Ukiiacha kwenye TKIP au WEP, aina za ulinzi za zamani, ruta ya 802.11n inarudi kwenye spidi za 802.11g, kizazi cha kabla yake, mwisho 54 Mbps za kwenye karatasi. Watu wanalaumu ruta imezeeka kumbe ni setingi tu.

Mzee wa Kebo:
Na zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba za PIN badala ya nywila, udhaifu wake uliwekwa wazi tangu 2011 na ruta za zamani nyingi bado zinakuja nayo ikiwa imewashwa. Ingia pia kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna toleo jipya la programu ya ruta yako, angalia mpaka namba ya toleo la kifaa kwenye stika, ukiweka la kifaa kingine unaweza kuiua moja kwa moja. Kama mtengenezaji ameshaitelekeza kuna OpenWrt, programu huru ya ruta, ila siku hizi inataka angalau MB 8 za hifadhi na MB 64 za RAM, na ruta nyingi za zamani hazifiki hapo.

Na adapta jamani. Ruta ikitoka kwenye droo mtu anaokota adapta yoyote inayoingia. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye ruta, ya 9 usiipe 12, na upande wa chanya na hasi uwe uleule. Ampea zikizidi hakuna tabu, zikipungua itawaka halafu itakuwa inajizima watu wakizidi kuitumia.

Nyuki77:
Yote nimefanya, WPS nimezima, chaneli nyuma ni 11. Adapta ni ileile yake. La mwisho wakuu, kwenye menyu ya ruta ya zamani kuna mtandao wa wageni, naweza kuuwasha wageni watumie huo?

FundiWaya:
Usiuwashe hapo. Kwenye ruta nyingi za nyumbani mtandao wa wageni unategemea ile ruta iwe ndiyo mlango wa kwenda nje, ndipo inaweza kumzuia mgeni asione vifaa vya ndani. Sasa wewe umeshaitoa kwenye hiyo kazi, imebaki kupitisha tu, kwa hiyo mgeni ama hatapata intaneti kabisa ama atapata na kuona printa na kompyuta zenu kama mtu wa nyumbani. Wa wageni uwashe kwenye ruta kuu, hata kama mawimbi yake yataishia sebuleni.