Nianzie wapi kusoma maisha ya mitaani katika miji ya Warumi?

Mdadisi wa Kale
Habari zenu wakuu. Naandaa utafiti mdogo wa chuo kuhusu maeneo ya umma katika miji ya Warumi: viwanja, barabara, mabirika ya maji, mahali watu walipokutana bila kualikwa. Nimechagua Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79. Kila nikisoma naletewa mahekalu na majumba ya matajiri. Ninachotafuta ni namna ya kujua kwamba mtaa huu ulijaa watu na ule ulikuwa kimya. Nipime nini, kwa utaratibu upi, na wengi hukosea wapi? Kwenda Italia siwezi, nina ramani na picha tu.

Kizingiti
Mkuu, weka mahekalu kando, anza na milango. Pompeii ina anwani tayari: tangu enzi za mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli, karne ya 19, mji umegawanywa maeneo 9, kila eneo lina vitalu, na kila kitalu kina milango yenye namba. Ukiona VI.8.5 maana yake ni eneo la 6, kitalu cha 8, mlango wa 5.

Chukua barabara kuu moja, mfano Via dell'Abbondanza, na vichochoro viwili vinavyoikata. Ivunje vipande, kila kipande kianzie njia panda moja na kuishia nyingine. Pima urefu wa kipande, hesabu milango ya pande zote mbili, kisha gawanya urefu kwa idadi ya milango. Ukipata mlango kila mita 5, hapo watu walikuwa wakiingia na kutoka kutwa. Ukipata mita 30 za ukuta mtupu, umekutana na mgongo wa nyumba kubwa.

Ila milango haina uzito sawa, na jibu liko kwenye kizingiti. Kizingiti cha duka ni kirefu, kimechimbwa mfuo mwembamba wa kupachika mbao za kufungia, na upande mmoja mfuo unakatika, pamebaki sehemu bapa yenye tundu la mhimili. Hapo ndipo palipokuwa na kijilango cha kupitia mbao zikishafungwa. Kizingiti cha nyumba ya kuishi huwa na matundu ya mihimili kulia na kushoto, na vitundu vya komeo katikati. Mlango mwembamba unaofungukia ngazi moja kwa moja uandike kivyake, kwa sababu huko juu kulikuwa na wapangaji ambao ramani ya chini haiwaonyeshi. Tengeneza safu tatu kwenye jedwali lako: duka, nyumba, ngazi. Ukizichanganya, hesabu yote inapoteza maana.

Maji na Magurudumu
Naongezea alama mbili ambazo haziendi popote kwa kuwa ni mawe.

Kwanza mabirika ya mtaani. Yanayojulikana yanakaribia 40, na mengi yamekaa penye njia panda. Kwenye ramani chora duara la mita 80 kuzunguka kila birika, utaona nyumba nyingi zinaingia ndani ya duara mojawapo. Halafu tafuta picha za karibu za jiwe lililosimama lenye mdomo wa maji. Pembeni yake ukingo wa birika umelika ukawa laini, kwa sababu mtu aliegemeza mkono hapo akiinama kunywa au kukinga maji. Hilo ni ushahidi wa mwili wa binadamu kabisa, nami naliamini kuliko sanamu yoyote ya mkubwa. Maji yaliyofurika yalitiririka barabarani, maana mifereji ya chini ya ardhi ilikuwa michache. Ndiyo sababu njia za miguu zimeinuliwa, na mawe ya kuvukia yamepangwa katikati kwa nafasi zinazopitisha magurudumu.

Pili, mifuo ya mikokoteni. Mifuo mirefu kwenda chini inaonyesha matumizi, lakini barabara ikitandikwa mawe mapya hesabu inaanza upya. Kwa hiyo usifananishe kina cha mitaa miwili kabla hujajua ipi ilitandikwa mwisho. Tazama pia pembe za kingo: jiwe lililokwanguliwa upande mmoja linakwambia mkokoteni ulikata kona kutoka wapi. Ukifika forumu, uwanja mkuu, mifuo inakoma, kwa kuwa magurudumu yalizuiwa kwenye viingilio. Waliamua pale pawe pa miguu tu.

Na usisahau mabaraza ya mawe yaliyojengwa mbele ya nyumba na maduka. Yako kama 100. Andika kila baraza liko upande gani wa barabara na linatazama wapi. Pompeii jua la adhuhuri linatoka kusini, hivyo ukuta unaotazama kaskazini ndio wenye kivuli.

Mchambuzi
Yote hayo ni sawa, ila sikubali kwamba mawe yanasema ukweli mtupu.

Mji ulioganda mwaka 79 haukuwa katika hali ya kawaida. Miaka ya mwanzo ya 60 tetemeko kubwa liliuharibu, na majengo kadhaa ya forumu yalikuwa bado yanakarabatiwa. Ukisema forumu ilikuwa imepoa, huenda unasoma eneo la ujenzi.

Kosa la pili ni kuhesabu matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa rangi ukutani na kudhani penye mengi ndipo palipokuwa na watu wengi. Yamerekodiwa zaidi ya 2,500, lakini Via dell'Abbondanza inaongoza kwa sababu nyingine pia: kuanzia 1911 mwanaakiolojia Vittorio Spinazzola aliifukua akitunza sana kuta za mbele. Kwingine, kulikofukuliwa karne ya 18, rangi ilishafutika zamani. Linganisha mitaa iliyofukuliwa kipindi kimoja tu. Halafu kuna mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliyoangukia mji mwaka 1943. Ukuta unaouona kwenye picha unaweza kuwa umejengwa upya.

Tatu, sheria iliyochongwa kwenye bamba la shaba la Heraclea, mji wa kale wa kusini mwa Italia, inayozuia mikokoteni kuanzia jua kuchomoza hadi saa ya kumi ya mchana kwa hesabu yao, inahusu jiji la Roma. Tena ina misamaha, mfano mikokoteni ya ujenzi wa mahekalu na ya kuzoa taka. Watu huibandika Pompeii bila kuuliza.

Kuhusu mabaraza, wengi husema yalikuwa ya watu waliongoja kumsalimia mwenye nyumba asubuhi. Mbona mengine yako mbele ya maduka? Wala tusiwapachike Warumi desturi za baraza za Zanzibar au Lamu. Andika lilipo, maelezo yafuate.

Mdadisi wa Kale
Asanteni sana, wakuu. Je, programu ya kuchora nitumie ipi? Na ile theluthi ya mji ambayo haijafukuliwa niifanyeje?

Kizingiti
QGIS ni ya bure na inatosha. Weka ramani ya mji chini, chora vipande vya barabara kama mistari na milango kama nukta, kila nukta ibebe anwani yake na aina ya kizingiti. Ukitaka kujua barabara ipi inaunganika zaidi na nyingine, depthmapX nayo ni ya bure.

Sehemu isiyofukuliwa ndiyo inayoharibu hesabu ya depthmapX, kwani barabara inayoingia chini ya udongo programu inaiona imeishia pale. Chora mwendelezo wake hadi kwenye malango ya mji, ingiza na barabara za nje ya kuta, kisha kokotoa mara mbili: mara ya kwanza na mwendelezo huo, ya pili bila. Barabara ambayo nafasi yake inabadilika sana kati ya mara hizo mbili, usiitolee hukumu.