Picha inang'aa kwenye simu, ikisafishwa inatoka nzito. Tatizo ni nini?

Mwana_Ujiji: Wakuu, salaam. Nina picha niliyopiga Kibirizi asubuhi, mama yangu mdogo anaanika dagaa, nyuma yake ziwa limetulia. Kwenye simu unaona kila dagaa anavyometa, maji bluu kabisa, na maandishi ya kanga yake unayasoma yote. Nimesafisha A4 studio moja hapa Kigoma mjini, imetoka nzito: uso umeingia kivulini, kanga haisomeki, ziwa limekuwa kama zambarau. Fundi anasema faili ndivyo lilivyo. Nataka mama ajione vizuri ukutani kwake, naombeni msaada.

Reli_ya_Kati: Ulimrushia kwa WhatsApp? Inabana sana picha. A4 safi inataka kama pikseli 2480 kwa 3508. Tuma kama faili, au peleka flashi.

Mwana_Ujiji: Nilipeleka flashi, mkuu. Picha haina ukungu, ni mwanga na rangi tu.

Fundi_Mwanga: Basi ni kioo. Simu inawaka yenyewe, karatasi inasubiri taa ya chumba. Ukihariri mwangaza wa simu ukiwa juu kabisa, kivuli cha usoni unakiona chepesi, kumbe kwenye faili ni kizito. Shusha mwangaza hadi nusu na uzime ule unaojipandisha wenyewe. Sasa fungua vivuli, yaani ongeza mwanga sehemu zenye giza tu, uso na kanga kwanza. Usipandishe picha nzima, dagaa watakuwa weupe mtupu na magamba yatapotea.

Bluu ni habari nyingine. Simu inachanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, printa inachanganya wino, na bluu kali ya ziwa letu wino hauifikii, mara nyingi inaangukia zambarau. Ipunguze ukali, isogeze kidogo kuelekea kijani.

Kabla ya A4 nyingine, kata kipande chenye uso na kanga, usafishe kidogo kwa viwango viwili vitatu vya mwanga. Vipeleke kwenye ukuta wenyewe, mchana na usiku taa ikiwaka, ndipo uchague.

Mwana_Ujiji: Ubarikiwe sana. Ukuta wake unatazamana na mlango, jua la jioni linaingia moja kwa moja. Karatasi ya kung'aa itafaa?

Fundi_Mwanga: Hapo hapana, ataona mlango badala ya sura yake. Chukua isiyong'aa. Weusi wake hauna kina kile, kwa hiyo usifungue vivuli kupita kiasi. Na isipigwe na jua hilo kila siku, sogeza fremu upande wa kivuli, rangi zisipauke.