Tupeane uzoefu: pedali yako ya ovadraivu ulinunua shilingi ngapi, na sauti yake ilikufaa wapi?

Mwanzisha uzi, Mwanga, Kigoma

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisani hapa Mwanga, huu mwaka wa tisa. Kila mwezi hakosi kijana wa kuniuliza, "Kaka, ninunue pedali gani ya ovadraivu?", yaani kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinacholipa gitaa mkwaruzo. Kabla sijamtajia jina la pedali huwa namsimulia yaliyonikuta. Nayaweka hapa, nanyi leteni ya kwenu.

Yangu ni Boss SD-1, ile ya njano. Niliinunua mkononi kwa mpiga gitaa aliyekuwa anarudi kwao ng'ambo ya ziwa. Tulikutana Kibirizi asubuhi, boti linapakia. Shilingi 120,000, na sado ya dagaa juu yake. Hela hiyo niliidunduliza miezi mitano.

Jumapili nikaunga gitaa kwenye pedali, pedali kwenye miksa inayopeleka sauti kwenye spika za kanisani. Nilipoikanyaga, ikatoka sauti ya msumeno unakata bati. Akina mama wa sauti ya kwanza waligeuka wote. Mzee wetu wa solo, aliyenifundisha gitaa tangu sijui kushika kodi, yaani kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja, hakunigombeza. Alisubiri wimbo uishe, akainama, akaizima kwa mkono. "Mwanangu, hiki kitu kinaua gitaa." Nikaifungia kabatini miezi saba.

Halafu tukaalikwa kupiga harusini Ujiji. Ukumbini kulikuwa na amplifaya ya gitaa ya zamani, spika moja ya inchi 12, kitambaa kimechanika. Nikaichomeka pedali yangu pale. Nikabonyeza noti moja kwenye waya wa tatu wa gitaa, nikaiacha. Ikabaki hewani inaimba, nene, ina mkwaruzo kidogo kama koo la mtu aliyekesha anaimba. Nilisimama tu naisikiliza mpaka mpiga ngoma akaniuliza kama tuanze au tusianze.

Pedali ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni spika. Ovadraivu inakuza mawimbi ya gitaa, kisha daiodi, vifaa vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinakata vilele vyake; kwenye SD-1, iliyotoka 1981, daiodi mbili ziko upande mmoja na moja upande wa pili, kwa hiyo mkato hauko sawa juu na chini. Mkato huo unazalisha sauti nyingine za juu ambazo waya wa gitaa wenyewe haukuzitoa. Spika ya gitaa inazichuja: ukishapita hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 hivi inashuka haraka, haitoi tena. Spika za kanisani zina honi, sehemu ya sauti za juu, iliyotengenezwa kupeleka sauti mpaka 15,000 na zaidi. Kila takataka iliyozaliwa kwenye daiodi inafika masikioni mwa waumini.

Siku hizi nikilazimika kuingia moja kwa moja kwenye miksa, namwomba fundi mitambo ashushe kabisa sauti za juu kwenye chaneli yangu. Kitufe cha Tone, cha ukali wa sauti, nakirudisha karibu na mwisho kushoto, na Drive, cha mkwaruzo, haizidi robo. Haifiki ile ya Ujiji, ila msumeno umekwisha. Kijana mwenye 150,000 mfukoni, kabla ya kuuliza pedali gani, ajiulize itatokea kwenye spika gani.

Karibuni.

Mdau wa Isevya, Tabora

Mkuu umenikumbusha mbali. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga ridhimu, na mimi nimekulia mji ambao jina lake lilibebwa na bendi ya Tabora Jazz, kwa hiyo nyumbani gitaa lilikuwa jambo la heshima. Hakuwa na pedali hata moja. Alikuwa na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani. Jioni alikuwa anaitoa chini ya mwembe, anaisubiri ipate moto, halafu anafungua sauti mpaka inaanza kupasuka kwa mbali. Akipapasa waya, inatoka safi. Akikaza mkono, inakwaruza. Mkono ndio ulikuwa swichi.

Pedali hizi zilitengenezwa kuiga hali hiyo kwa sauti ndogo, na hilo vijana wengi hawajaambiwa. Mimi nina Ibanez TS9, ile ya kijani, toleo lililoanza 1982. Nilitumiwa na ndugu yangu kutoka Dar, ikaja na treni, nikaipokelea stesheni. Nauli na yote ilinisimamia 310,000. Sijawahi kuijutia. Naitumia kinyume na wanavyodhani: Drive karibu na sifuri, Level, kitufe cha ukubwa wa sauti, juu. Nikiikanyaga, solo inapanda mbele ya keyboard bila mimi kumwomba mtu wa miksa chochote. Yenyewe inapunguza besi na kuvimbisha sauti za kati, kilele chake kiko karibu hezi 720, na hapo ndipo gitaa linapojitenga na ngoma na besi. Peke yako chumbani utaiona nyembamba. Usiihukumu chumbani. Ihukumu bendi nzima ikiwa inapiga.

Mdau wa Urambo

Mimi natofautiana nanyi kidogo, kwa heshima. Kwenye sebene sihitaji ovadraivu. Vidole vikikimbia, kila noti itoke na mwanzo wake na mwisho wake. Ukikata vilele noti zinashikana, utamu unapotea. Niliuza yangu kwa 70,000 nikanunua waya mzuri wa kuunganishia gitaa na seti nne za nyuzi. Sijarudi nyuma.

Mwanzisha uzi

Mkuu wa Urambo, kwenye sebene ya kasi nakubali, mimi pia naizima. Naiwasha kwenye nyimbo za taratibu, pale kwaya inaposhusha na gitaa linabaki linajibizana na mwimbaji kiongozi. Pale noti fupi haisemi kitu, inataka ivute.

Dada wa Kasulu

Naomba niongelee umeme, maana hapo ndipo nilipolia.

Napiga gitaa shuleni na kwenye vijana. Pedali yangu ni ya bei nafuu, 65,000, isiyo na jina kubwa, lakini sauti yake naipenda. Adapta haikuja nayo. Nikachukua adapta ya kifaa kingine cha nyumbani, imeandikwa volti 9, pini inaingia vizuri kabisa. Nikachomeka, taa haikuwaka, ikaja harufu ya kuungua. Nililia kweli, ile ilikuwa hela ya likizo nzima.

Fundi redio wa sokoni ndiye aliyenifundisha. Pedali nyingi za gitaa zinataka hasi iwe katikati ya pini na chanya nje. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani ziko kinyume. Kuna mchoro mdogo kwenye adapta, kiduara na alama za kujumlisha na kutoa, ndio wa kuusoma kabla ya kuchomeka. Pedali yangu ilikuwa na daiodi ya ulinzi pale umeme unapoingia, ndiyo iliyojitoa mhanga. Akaing'oa, akaweka nyingine, 5,000 tu, ikafufuka. Kama imekufa kwa namna hii msiitupe, mpelekeeni fundi kwanza.

Baada ya hapo nikahamia betri ya volti 9, ile ya mraba. Huku kwetu haipatikani kila duka, ila maikrofoni zisizo na waya za kanisani kwetu zinatumia hiyohiyo. Mtu wa mitambo anazibadilisha mapema ili zisizimike katikati ya mahubiri, ananipa za zamani. Ovadraivu inakula umeme kidogo sana, miliampea chache, kwa hiyo betri iliyochoka kwa maikrofoni kwangu inamaliza wiki. Kitu kimoja: ukimaliza kupiga, chomoa waya unaotoka kwenye gitaa kwenye tundu la kuingilia la pedali. Waya ukiwa ndani, betri inaendelea kutumika hata taa ikiwa imezimwa. Hilo nililijua baada ya betri tatu.

Mdau wa Isevya, Tabora

Dada asante sana. Hili la kuchomoa waya lingeandikwa kwenye kila pedali kwa Kiswahili.

Mdau wa Ujiji

Mimi sikununua, nilitengeneza.

Nilikuwa nasoma mtandaoni habari za pedali ya ovadraivu iitwayo Klon Centaur. Bill Finnegan wa Marekani alianza kuziuza 1994, zikatoka kama 8,000 hivi, akaacha. Leo moja ya wakati ule inauzwa maelfu ya dola. Mzunguko wake aliufunika kwa gundi ngumu nyeusi ili usinakiliwe, lakini watu waliukwangua wakauchora wote, na sasa nakala zake zimejaa. Hiyo bei kubwa ni ya uchache na ya jina, sioni sikio linaloweza kusikia maelfu ya dola ndani ya kiboksi. Lakini kitu kimoja kilinivuta: daiodi zake ni za jeramani (germanium, siyo nchi ya Ujerumani), zinaanza kupitisha umeme kwenye volti 0.3 hivi, wakati za silikoni ni 0.6 au 0.7, yaani zinaanza kukata vilele mapema.

Daiodi za jeramani nitazipata wapi Kigoma? Fundi wangu akacheka. Akanionyesha redio ya mbao ya marehemu babu yangu, iliyokuwa imekaa kwake muda mrefu haitengenezeki. Redio nyingi za zamani zilitumia daiodi ya jeramani kutenganisha sauti na mawimbi. Akaifungua, akaitoa moja, kidude kidogo cha kioo. Ya pili tukaipata kwenye mzoga wa redio nyingine. Hatukunakili Klon nzima, ni kikuzio rahisi na zile daiodi mbili, ndani ya kopo la maziwa ya unga, maana bati linazuia mngurumo wa taa na feni. Vifaa vyote 18,000.

Sauti yake ni laini, haing'ati. Siwezi kusema ni bora kuliko SD-1 ya mkuu. Ila babu alikuwa anasikiliza salamu na muziki kwenye redio ile kila jioni barazani, na sasa kipande chake kiko kwenye gitaa langu. Hata mtu akija na laki tano siuzi.

Mwanzisha uzi

Mdau wa Ujiji, nimeisoma mara mbili. Naomba siku moja nije niisikie hiyo ya kopo, niko tayari kuvuka na gitaa langu.

Nilete mrejesho. Alhamisi mazoezini nilifuata ya mkuu wa Tabora: Drive karibu sifuri, Level juu, sauti za juu za chaneli zimeshushwa. Wimbo wa taratibu ulipofika pale kwaya inaposhuka, nikaikanyaga. Mzee wetu hakugeuka. Alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kidogo. Tulipomaliza akaja, akaitazama chini kwa muda, akakigusa kile kitufe cha Level kwa kidole, akakipunguza kidogo tu. Kisha akaniuliza hizo betri za mraba zinauzwa duka gani.