Whistler na watoto Juni 21: inafaa?

Mama Wawili: Wadau, nipo Vancouver. Nataka kuwapeleka wanangu kituo cha utamaduni cha Squamish Lil'wat, mataifa mawili ya watu wa asili, kule Whistler, mji wa milimani, Siku ya Watu wa Asili wa Kanada. Kuna cha kushika, au ni "usiguse" tupu?

Kipepeo: Dada, nenda. Kiangazi kilichopita nilisokota gome la mwerezi. Hulowekwa kwanza lilainike. Vidole vilinukia msitu hadi usiku! Na tazama jengo: limeunganisha nyumba ndefu ya Wasquamish na istken, nyumba ya udongo ya Walil'wat.

Babu K: Ngoma zikianza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mimi niliinua simu tu, nikatazamwa jicho hilo...

Mama Wawili: Haya. Makoti ya mvua?

Kipepeo: Milimani kule? Beba.