Mrejesho: Aliyesajili domeni ya gesti yetu kapatikana

Wakuu, niliuliza namna ya kumjua aliyesajili domeni (anwani ya tovuti) ya .com ya gesti yetu hapa Raskazone, Tanga, maana fundi wa tovuti aliacha kupokea simu. Asanteni mlionielekeza kwenye ukurasa wa kutafuta wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani.

Jina halikutoka. Tangu sheria ya faragha ya Ulaya ianze kutumika Mei 2018, kampuni nyingi za usajili huficha jina na simu ya mmiliki. Ila kampuni iliyosajili ilionekana, tarehe ya kuisha muda pia, na kwamba domeni imefungwa isihamishwe.

Kampuni ile ina fomu ya kumwandikia mmiliki bila kuiona baruapepe yake. Nikaandika kistaarabu (dada alitaka tutaje polisi, nikamwambia atulie kwanza). Akajibu fundi mwenyewe, kumbe siku hizi yuko Muscat! Kaifungua, katuma namba ya siri ya kuhamishia, na sasa iko kwenye akaunti ya gesti.

Mliosema nisubiri muda uishe: domeni ya .com ikishafutwa na kampuni, aliyekuwa nayo ana siku 30 za kuikomboa, kisha siku 5 ndipo iachiwe. Na hapo wanaovizia kuisajili wao wamejaa.